Kutoka makala hadi kitandani: shajara ya mradi wa mkono uliopooza

Wiki ya 1

Nimeshika saa kwa siku tano. Kila mgonjwa wa kiharusi aliyepita mikononi mwangu, niliandika pembeni mwa faili lake dakika nilizotumia na kazi niliyozitumia. Kipindi chetu cha fiziotherapia ni dakika 45. Kumtoa kitandani na kumkalisha kwenye kiti, kumjulia hali, kusikiliza usiku ulikwendaje: dakika kumi hivi. Kunyoosha mkono uliopooza, kuanzia begani, kiwiko, kifundo hadi vidole: mara nyingi dakika 20. Zinazobaki ndizo mgonjwa anazopata za kujaribu kufanya jambo kwa mkono ule.

Ijumaa nilipojumlisha nilikaa kimya kwa muda. Kunyoosha ndiko nilikofundishwa tangu mwaka wa kwanza wa mafunzo, na ndiko ninakowafundisha ndugu wa wagonjwa siku wanaporuhusiwa kwenda nyumbani. Shika hapa, vuta taratibu, hesabu hadi 30, rudia. Sijawahi kujiuliza kama kunafanya kile tunachosema kunafanya, yaani kuzuia viungo visikakamae.

Basi mradi wetu ni huu. Mwenzangu wa tiba kwa vitendo, anayewarudisha wagonjwa kwenye kazi zao za kila siku, amekubali tuufanye wawili, na msimamizi wa kitengo ametupa saa moja kila Jumatano.

Tuliandika swali kwa vipengele vinne, kama wanavyofundishwa wanaojifunza tiba inayofuata ushahidi. Mgonjwa: mtu mzima aliyepata kiharusi, mkono mmoja umepooza. Tiba: kunyoosha viungo kila siku. Kinacholinganishwa: huduma ya kawaida bila nyongeza hiyo ya kunyoosha. Matokeo: kiungo kinafunguka kwa digrii ngapi, na mgonjwa anaweza kufanya nini kwa mkono wake.

Kisha tukafanya jambo ambalo naliona la maana kuliko yote ya wiki hii. Kabla ya kufungua makala hata moja tulikubaliana ni tofauti ya kiasi gani ingetufanya tuendelee na kunyoosha. Tuliandika digrii 5 na kutia sahihi wote wawili. Chini ya hapo mgonjwa haoni badiliko lolote anapovaa shati, na sisi wenyewe hatuna uhakika kama kipimo chetu kimeteleza au kiungo kimefunguka. Tungesubiri kuona jibu kwanza, kila mmoja wetu angechagua kiwango kinachomwachia mazoea yake.

Wiki ya 2

Kutafuta. Nilidhani itachukua mwezi, imechukua mchana mmoja, kwa sababu safari hii sikuanza na injini ya utafutaji na kusoma chochote kilichotangulia. Nilianza juu kushuka chini: mapitio ya kimfumo kwanza, yaani yale yanayokusanya na kuchambua tafiti zote za swali moja, jaribio mojamoja baadaye. Mlango wetu wa kwanza ulikuwa PEDro, hifadhidata ya bure ya fiziotherapia iliyoanzishwa Australia mwaka 1999, ambayo pia hutoa alama kati ya 10 kwa kila jaribio kulingana na ubora wa njia zake. Wa pili ulikuwa maktaba ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaoandaa mapitio ya namna hiyo.

Jibu lilikuwepo tangu mwaka 2017. Mapitio ya Cochrane yamekusanya tafiti 49 zenye washiriki 2,135, wenye kiharusi, majeraha ya uti wa mgongo, majeraha ya kuungua na mengineyo. Kunyoosha kulihesabiwa kwa namna zote: kwa mikono ya mtaalamu, kwa vibao vya kushikilia kiungo, kwa plasta ngumu, kwa kumlaza mgonjwa katika mkao maalumu. Kwa wenye matatizo ya mfumo wa neva, faida kwenye mjongeo wa kiungo ilikuwa wastani wa digrii 2. Makadirio yenyewe yanatoka sifuri hadi 3. Waandishi wameuweka ushahidi huo katika daraja la juu la uhakika.

Hata ncha ya juu ya makadirio, digrii 3, haifiki mstari tuliouchora wenyewe.

Nilisoma sentensi ile mara tatu, kisha nikaenda wodini kwa sababu zamu yangu ilikuwa inaanza. Mgonjwa wa kwanza alininyooshea mkono wake kabla sijamwomba. Nikaunyoosha.

Wiki ya 3

Tumeleta matokeo mbele ya kitengo chote. Nilitegemea ubishi na ubishi ukaja, ila haukuwa wa hasira. Mzee wetu wa kitengo, aliyefanya kazi hii kabla wengi wetu hatujajua maana ya fiziotherapia, alisema: "Mimi nimeona kwa macho yangu. Mkono unaingia umefungwa, unatoka umefunguka. Hayo makaratasi yananiambia sikuona?"

Swali hilo linastahili heshima, na jibu la "utafiti umesema" halimjibu. Tukakubaliana kupima. Kwa wagonjwa wanne tulichukua goniomita, kile kipimo cha pembe ya kiungo, tukapima kifundo cha mkono kabla ya kunyoosha, mara tu baada ya kunyoosha, na asubuhi iliyofuata. Mzee alipima mwenyewe, mimi niliandika tu.

Kilichotokea kiliwagusa wote. Mara tu baada ya kunyoosha, mkono ulifunguka kweli, sawa kabisa na alivyosema. Asubuhi ulikuwa umerudi pale pale au karibu na pale. Misuli na kano hulegea kwa muda zikivutwa, kisha hurudia hali yake. Macho ya mzee hayakumdanganya. Yalikuwa yanatazama saa ambayo mkono umelegea, kwa sababu ndiyo saa anayokuwa na mgonjwa.

Wagonjwa wanne hawathibitishi kitu na hatukusema wamethibitisha. Vipimo vile vilitusaidia kuelewa jinsi watu makini wanavyoweza kuona faida kila siku kwa miaka mingi, huku tafiti zikipima na kukuta digrii 2.

Wiki ya 4

Wiki ya kusoma tena, na nashukuru tulisoma tena kabla ya kubadili chochote. Mwuguzi mmoja kijana alikuwa ameshaanza kuwaambia wenzake kwamba "utafiti unasema mikono isiguswe." Mapitio hayasemi hivyo hata kidogo.

Katika majaribio mengi yaliyokusanywa, makundi yote mawili yalipata huduma ya kawaida. Kundi moja tu liliongezewa kunyoosha. Kilichopimwa basi ni nyongeza. Hakuna aliyemwacha mgonjwa alale bila kugeuzwa, kuvishwa wala kuoshwa ili aone kiungo kitafanyaje. Pili, hakuna utafiti uliofuatilia kunyoosha kwa zaidi ya miezi saba, kwa hiyo kuhusu mtu wa kunyooshwa miaka na miaka hatuna la kusema. Tatu, mgonjwa ambaye vidole vyake vimefumba kiasi kwamba kiganja hakioshiki, huyo tunamfungua mkono ili tumsafishe, ngozi isioze. Tunajua kwa nini tunafanya hivyo, na si kwa ajili ya digrii.

Niliandika mambo haya matatu kwa kalamu kubwa, nikayabandika juu ya meza ya wauguzi. Nusu ya ushahidi inaweza kumwumiza mtu sawasawa na kukosa ushahidi kabisa. David Sackett na wenzake walipoeleza mwaka 1996 tiba inayofuata ushahidi ni nini, walisisitiza kwamba ushahidi wa nje, yaani wa tafiti, huungana na ujuzi wa mhudumu na uchaguzi wa mgonjwa, wala haukai mahali pa hivyo viwili. Nimelisoma hilo nikiwa mwanafunzi na kulijibia mtihani. Wiki hii ndiyo nimelihitaji.

Wiki ya 5

Sasa dakika 20 zimeachwa wazi. Tuweke nini?

Mwenzangu alileta utafiti wa mwaka 2009 wa Catherine Lang na wenzake. Walikwenda kwenye vituo saba vya Marekani na Canada, wakakaa pembeni, wakahesabu. Vipindi 312. Katika vile ambavyo mgonjwa alifanyishwa kazi halisi kwa mkono uliopooza, yaani kushika, kuinua, kufungua, wastani ulikuwa marudio 32 kwa kipindi. Na karibu nusu ya vipindi vya mkono havikuwa na kazi ya namna hiyo hata moja. Wakati huohuo, kwenye maabara za wanyama, ambako tumejifunza kwamba ubongo hujipanga upya kwa mazoezi, mnyama hurudia tendo mamia ya mara kwa siku.

Tulihesabu na sisi. Nimeona vigumu kuandika idadi yetu hapa, ila nitaandika ukweli: katika vipindi vingi vya wiki hii hatukufika 32. Nilikuwa nikimwambia mgonjwa "tumefanya kazi sana leo," naye alikuwa amechoka kweli, lakini mkono wake ulikuwa umefanyiwa kazi na mimi. Wenyewe ulikuwa umejaribu mara chache mno.

Wiki ya 6

Fupi. Mmoja wetu alisema kama mazoezi ndiyo tiba, tuanze siku ileile ya kiharusi na tufanye mengi. Tukafungua jaribio la AVERT, lililotoka mwaka 2015: wagonjwa 2,104, vituo 56, nchi tano. Waliotolewa kitandani mapema sana na kwa wingi, kuanzia ndani ya saa 24, walikuwa na matokeo mazuri baada ya miezi mitatu kwa asilimia 46. Waliopata huduma ya kawaida, asilimia 50. Wengi tulioshika kazi hii tungeapa ingekuwa kinyume. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba vipindi vifupi vinavyorudiwa mara nyingi ndivyo vilivyoendana na matokeo mazuri. Kwa hiyo mgonjwa wa siku ya kwanza hayumo katika mpango wetu wa marudio. Tumeiweka sentensi hiyo mwanzoni mwa mwongozo, si mwishoni.

Wiki ya 7 na ya 8

Wiki mbili hizi ni za mama mmoja, mke wa mgonjwa wetu. Mumewe yuko mwezi wa pili tangu kiharusi. Mimi ndiye niliyemfundisha kumnyoosha. Amekuwa akifanya asubuhi na jioni bila kukosa, hata siku alizokuwa anaumwa mwenyewe. Jumanne alinikuta nimempa mumewe vikombe vya plastiki avihamishe kutoka upande huu wa meza kwenda upande ule, mkono wake usiopooza umepumzika mapajani.

"Daktari, leo humnyooshi?"

Nimeshazoea kuitwa daktari. Safari hii neno lile lilinikaa vibaya. Nilimwomba tukae. Nikamwambia: "Mama, nilikufundisha kitu kwa nia njema, na nilikiamini. Nimejifunza kwamba kinasaidia kidogo sana kuliko nilivyokuambia. Nimekuja kukueleza mwenyewe kabla hujasikia kwa mtu mwingine."

Alinyamaza. Kisha akauliza swali ambalo silioni katika mapitio yoyote: "Kwa hiyo muda wote ule nilikuwa nafanya kazi ya bure?"

Sikumjibu haraka. Kumwambia "hapana" kungekuwa uongo kuhusu digrii. Kumwambia "ndiyo" kungekuwa uongo kuhusu yeye. Nilimwambia yale niliyoyaona: kwamba ngozi ya mkono ule ni safi, kwamba bega halijavutwa wala kuumizwa, kwamba mumewe anautazama mkono wake na hajausahau, na wagonjwa wengi huusahau. Nikamwambia pia kwamba zile nusu saa zake za asubuhi na jioni ndizo mali kubwa kuliko zote tulizonazo katika mradi huu, na ninaomba tuzitumie kwa kitu chenye faida zaidi.

Mumewe mwenyewe alikuwa anasikiliza. Akasema, kwa maneno yanayotoka polepole siku hizi, kwamba jioni anataka aendelee kunyooshwa kidogo, kwa kuwa ndipo mkewe anapokaa naye na mkono unakuwa mwepesi kabla ya kulala. Asubuhi atafanya vikombe.

Tuliandika hivyo hivyo kwenye faili. Kuna mwenzangu aliyeona tumelegeza mradi. Mimi naona hapo ndipo mradi ulipoanza kufanya kazi, kwa sababu mgonjwa alichagua akiwa anajua kinachomletea nini.

Wiki ya 9

Tatizo la vitendo. Majaribio yanasema "mazoezi ya kazi mahususi," lakini kazi gani, ngapi, kwa ugumu upi, na unaongeza lini? Nilitumia jioni mbili kuchimba makala tatu na sikupata maelezo ya kutosha kumkabidhi mwenzangu akafanya kilekile. Si sisi peke yetu. Mwaka 2013 Tammy Hoffmann na wenzake walichunguza tiba 137 zisizo za dawa zilizojaribiwa katika tafiti zilizochapishwa, wakakuta asilimia 39 tu zimeelezwa vya kutosha mtu mwingine kuzirudia. Dawa huandikwa miligramu ngapi mara ngapi kwa siku. Mazoezi huandikwa "mazoezi." Nasema kwa uchungu, kwa kuwa waliojitolea kushiriki katika tafiti hizo walistahili jasho lao limfikie mgonjwa mwingine.

Tumeandika karatasi yetu wenyewe: kazi kumi, kila moja ina ngazi tatu za ugumu, kipimo cha kupanda ngazi, na nafasi ya kuhesabu.

Jambo la pili la wiki hii ni tiba ya kuufunga mkono mzima ili uliopooza ulazimike kufanya kazi. Ushahidi wake ni wa nguvu. Jaribio la EXCITE la mwaka 2006 lilikuwa na watu 222, na mkono mzima ulifunikwa kwa asilimia 90 ya saa za kuwa macho kwa wiki mbili. Tulishaanza kufurahi. Kisha tukasoma nani aliruhusiwa kuingia: mtu aliyepata kiharusi miezi mitatu hadi tisa iliyopita, anayeweza kukunjua kifundo cha mkono na vidole angalau digrii 10 kwa nguvu zake mwenyewe. Tukapita kitanda kwa kitanda na swali moja, "huyu angekubaliwa kwenye jaribio lile?" Wengi wasingekubaliwa. Swali hili sasa limechapwa juu kabisa ya fomu yetu.

Wiki ya 11

Tumerudi nyuma. Wenzetu wawili wamehamishiwa kitengo kingine, waliokuja hawajui habari hii, wagonjwa wameongezeka, na kunyoosha kwa dakika 20 kumerudi kimyakimya. Nilijikuta nami nafanya. Mkono unakwenda wenyewe ukichoka. Mazoea yana taabu, na semina moja haikutosha kuyaondoa.

Kwa hiyo tulikwenda kusoma tena, sasa kuhusu sisi wenyewe: ni nini humfanya mhudumu abadili utendaji wake? Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2012 yaliyokusanya tafiti 140 yalipima njia ya kukagua kazi na kumrudishia mhudumu matokeo yake. Faida iliyo katikati ya matokeo ya tafiti hizo ilikuwa ongezeko la asilimia 4.3 la wahudumu kufanya inavyotakiwa. Kidogo, ila ni halisi. Huwa kubwa zaidi pale ambapo hali ya mwanzo ni duni, anayerudisha matokeo ni msimamizi au mwenzako, matokeo yanarudishwa zaidi ya mara moja, kwa mdomo na kwa maandishi, na kuna lengo pamoja na mpango wa utekelezaji. Semina yangu haikuwa na hata nusu ya hayo.

Wiki ya 12

Tumeanza upya kwa kuyafuata. Kila Jumatano msimamizi anasoma idadi za marudio kwa kila kipindi, bila majina ya wahudumu ubaoni. Kila mmoja anapewa yake kwenye karatasi na wanazungumza dakika tano. Lengo tumeliweka wote pamoja. Mzee wa kitengo ndiye aliyeomba kushika kazi ya kuwafundisha wageni kupima kwa goniomita: kabla, baada, na asubuhi. Anasema mtu akiona mwenyewe hasahau. Nakubaliana naye kabisa.

Wiki ya 14

Namba zimepanda. Na hapo hapo nimeona ubaya. Mgonjwa mmoja alirudia kuinua kikombe kilekile mara 100 wakati kilishakuwa chepesi kwake tangu juzi, kwa kuwa mhudumu alitaka idadi. Mwingine aliongezewa marudio bega likiwa linauma.

Lang na wenzake, walewale waliohesabu yale marudio 32, walijiuliza kama zaidi ni bora, na mwaka 2016 wakatoa jibu. Watu 85, miezi sita au zaidi baada ya kiharusi, wiki nane. Makundi yalipangiwa jumla ya marudio 3,200, 6,400, 9,600, na kundi la nne liliendelea kwa kadiri ya mtu. Maendeleo yalikuwa madogo, na hayakupanda kwa kufuata idadi. Wagonjwa wetu wako mapema zaidi ya hao, kwa hiyo siwezi kulibeba jibu lote na kulitua hapa. Lakini siwezi pia kuendelea kuwasomea wenzangu namba moja kila Jumatano kana kwamba ndiyo tiba.

Tumebadili karatasi. Kando ya safu ya marudio kuna safu ya ngazi ya ugumu, na nyingine ya maumivu. Na juu kuna mstari ambao mgonjwa anaujaza mwenyewe, au tunamjazia kwa maneno yake: ni jambo gani moja anataka mkono huu uliweze. Mume wa yule mama ameandika "kufunga vifungo vya shati." Vikombe vimetoka mezani kwake, sasa ana ubao wenye vifungo vikubwa.

Wiki ya 16

Nimeshika saa tena kwa siku tano, kama wiki ya kwanza. Kunyoosha bado kupo, mara nyingi dakika mbili au tatu za kuuandaa mkono, na kwa wagonjwa wale wa viganja vilivyofumba muda wanaouhitaji. Sehemu kubwa ya kipindi sasa ni ya mgonjwa mwenyewe. Kama mikono itakuwa na uwezo zaidi baada ya miezi sita bado sijui, na kitengo kidogo kama chetu hakiwezi kulijibu hilo peke yake. Tunachoweza kujua ni kama tunatoa kile tulichosema tutatoa, na hicho tunakihesabu.

Yule mama alinisimamisha mlangoni Alhamisi. Ana dada yake ambaye mumewe amepata kiharusi wiki mbili zilizopita, yuko hospitali nyingine, na wameshamfundisha kunyoosha. Anauliza amwambie nini. Nilimpa karatasi yetu, pamoja na yale mambo matatu ya wiki ya nne, nikamwomba ampelekee mtaalamu anayemhudumia na si dada peke yake.

Jumatano ijayo wauguzi wa zamu ya usiku wanaleta swali lao, kuhusu namna ya kuulaza mkono uliopooza bega lisiume. Wameliandika wenyewe, vipengele vyote vinne. Kwenye nafasi ya kiwango cha faida kitakachowafanya wabadili, bado wanabishana.